Mhariri, na hawa vijana wa vyuo vya Mbeya waandikwe

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Mbeya mjini, kibanda changu kiko nyuma ya ukuta wa chuo kimoja, jina la chuo silitaji kwa sababu sijaomba ruhusa kwa uongozi wao ila mwandishi wako akifika ataonyeshwa. Gazeti lenu nalisoma kila siku, kuna mteja wangu anakuja nalo asubuhi akimaliza chai ananiachia, kwa hiyo hili ninalosema nimeliona kwa macho yangu. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa saba nimefungua kurasa za michezo natafuta habari ya ligi ya vyuo vya huku kwetu, sijaona hata mstari mmoja. Simba kafanya mazoezi ipo, Yanga kafika uwanja wa ndege ipo na picha juu, mchezaji fulani anatakiwa na timu fulani ipo wiki nzima. Mimi mpira wote naupenda na Ligi Kuu naifuatilia, ila nimeumia, na ndio maana nimekaa niandike.

Hawa vijana ninaowasemea wanakula kwangu. Kipa katoka Makete, straika katoka Kyela, kuna winga wa kushoto wa Mbozi mwembamba yule ukimuona huwezi kudhani, wengine wametoka Njombe na Rungwe. Wakitoka mazoezini saa kumi na mbili jioni wanakuja wamejaa matope wanakula makande au wali maharage, mwenye hela analipa na asiye nayo naandika kwenye daftari, na bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka wanakuja wenyewe kulipa bila kukumbushwa. Kocha wao ni mwalimu wa hesabu hapo hapo chuoni, halipwi kitu kwa kazi ya ukocha. Mipira walikuwa nayo mitatu, mmoja unavuja. Glovu za kipa zimeshonwa na fundi cherehani wa jirani yangu mara mbili, nilizipeleka mwenyewe.

Mechi ya kwanza walifungwa tatu bila, mvua ilikuwa inanyesha, walirudi kwangu hakuna anayeongea, nikajua huu mwaka utakuwa kama miaka mingine. Haikuwa hivyo. Baada ya hapo hawakufungwa tena hadi ligi inaisha. Sitasimulia mechi zote maana nyingine sikwenda, nilikuwa kazini, naletewa matokeo na bodaboda.

Ila ya mwezi wa saba nilikwenda. Hiyo ndio mechi yenyewe. Kuna chuo cha upande wa pili wa mji ambacho sisi hatujawahi kukifunga tangu nimefungua hiki kibanda, miaka sita, kila mwaka wanatufunga na kila mwaka vijana wao wanapita hapa barabarani wanaimba. Wao wana basi, jezi za nyumbani na za ugenini, na mwaka huu walikuwa hawajapoteza hata mechi moja, walibakiza sisi tu wamalize msimu hivyo hivyo. Tena ni kwao. Wanafunzi wetu wakachangishana wakakodi Costa, wengine wakapanda bajaji wanne wanne, mimi nikafunga kibanda, na kibanda changu huwa sikifungi siku ya Jumamosi labda kuwe na msiba.

Wanaoijua Mbeya mwezi wa saba wanajua, baridi inauma na mchana upepo na vumbi. Kiwanja chao kiko wazi, hakina jukwaa wala miti, upepo unapiga kutoka goli moja kwenda lingine. Nahodha wao akashinda toss, akachagua kuanza na upepo mgongoni. Naomba hilo msomaji alishike maana nitalirudia.

Kipindi cha kwanza tuliteseka jamani. Kipa wetu akipiga golikiki mpira unafika katikati unasimama hewani unaanza kurudi. Dakika ya kumi hivi wakapata penati wakafunga, na ilikuwa penati ya kweli, beki wetu alimshika mtu jezi, silalamiki. Baada ya hapo wakatuzingira, kipa alidaka moja akiwa amelala chini na nyingine aliitoa kwa mguu, na kidole chake kimoja kilikuwa kimevimba tangu Alhamisi, mimi ndio nilikuwa namkanda na maji ya moto na chumvi pale kibandani. Ikaenda mapumziko moja bila, na nasema wazi bila yule mtoto zingekuwa nne.

Mapumziko yule mwalimu hakupiga kelele. Nilikuwa karibu nawagawia machungwa nikamsikia, akawaambia upepo sasa ni wetu, tumeukopesha dakika 45 na sasa tunadai, acheni kupigiana pasi nyingi nyuma, ukivuka mstari wa katikati ukaona goli piga, piga chini. Akamtoa straika mmoja akaingiza kiungo, watu wetu wakanung'unika tuko nyuma halafu unatoa straika, lakini alikuwa anajua anachofanya, kile kiungo ndicho kilianza kuokota mipira yote inayorudi kutoka kwenye boksi lao. Namba nane akapiga kutoka mbali kabisa, mpira ukadunda mbele ya kipa wao ukamruka ukaingia. Moja moja. Kutoka hapo wao ndio wakawa wanapiga golikiki zinarudi.

Bao la pili lilikuja zikiwa zimebaki dakika saba, kona, yule winga wangu wa Mbozi akaipiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukaenda kama unatoka nje halafu ukakunja ukaingia nguzo ya pili hakuna aliyeugusa. Nilikaa chini kwenye vumbi na kitenge changu. Kuna mzee mmoja wa Rungwe alikuwa kasimama pembeni yangu na mwamvuli hajasema neno tangu mechi ianze, akamwambia yule mtoto alipopita karibu na laini, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara mbili, na machozi yanamtoka.

Sasa mjini naambiwa lile bao ni la upepo, kwamba tumebahatisha. Nimelisikia stendi, nimelisikia sokoni Mwanjelwa, na limeniudhi. Upepo ulikuwa kwao dakika 45 za kwanza na waliuchagua wenyewe, nahodha wao alisimama pale katikati akaonyesha kwa kidole. Wakautumia wakapata bao moja, tena la penati. Sisi tukautumia tukapata mawili. Na kona kuingia moja kwa moja ni halali kabisa, ipo kwenye sheria ya 17 ya mpira, nimeonyeshwa na mwalimu kwenye simu yake. Yule kijana kona hizo anazipiga kila jioni baada ya wenzake kuondoka, nikiwa naosha masufuria nasikia mpira unagonga ukuta. Hiyo ni bahati gani?

Ubingwa hatukuchukua. Tulilingana nao pointi wakatuzidi magoli, zile tatu za mechi ya kwanza ndizo zilizotuumiza. Kombe ni lao kwa haki na nawapa hongera.

Mhariri, mimi ni mtoto wa Tukuyu. Marehemu baba alikuwa akinisimulia Banyambala, ndio timu ya Tukuyu Stars, walivyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, na ndio kwanza walikuwa wamepanda daraja, timu ya mji mdogo wa mvua na migomba. Baba alikuwa anataja kikosi chote mpaka wa akiba. Leo nikitaka kumuonyesha mwanangu ule msimu sina cha kumuonyesha, nina maneno ya baba tu, na mengine nimeshayasahau. Mbeya City walipopanda wakamaliza wa tatu msimu wa 2013/14 chini ya kocha Mwambusi, juu ya Simba, hiyo mliandika na mpaka leo watu wanaikumbuka vizuri. Lipuli walipomtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale uwanja wa Samora, Iringa mwaka 2019, mliandika. Ihefu kule Mbarali Novemba 2022 walipomfunga Yanga mbili moja ikiwa imecheza mechi 49 za ligi haijafungwa, nchi nzima iliandika. Yaani huku Nyanda za Juu Kusini ili tuandikwe mpaka tumfunge Simba au Yanga.

Na kwa hawa wa vyuo kuandikwa sio sifa tu. Kijana akimaliza diploma yake anarudi kwao, akienda kuomba majaribio timu ya Championship au First League, ligi za chini ya Ligi Kuu, anaulizwa ulicheza wapi, ulifunga ngapi, nani alikuona, anabaki na kipande cha video kwenye simu kimetikisika hakionyeshi hata namba ya jezi. Kipa wetu mwaka huu amemaliza. Amerudi Makete, juzi kanipigia simu anasema yuko kwenye viazi na baba yake, nikamuuliza mpira vipi mwanangu, akasema mama nani ananijua. Sikuwa na jibu, nikamuuliza kidole kimepona.

Ninachoomba ni kidogo. Jumatatu mkiwa mnatoa msimamo wa Ligi Kuu, tengeni hata kona moja ya ukurasa, matokeo ya vyuo vya Mbeya, Iringa, Njombe, Rukwa, Songwe, Ruvuma, nani kacheza na nani, ngapi ngapi, wafungaji nani kwa majina yao kamili. Kila timu ina kiongozi wa michezo mwenye simu, hayo matokeo atayatuma jioni ile ile bila kulipwa. Na mechi kubwa kama hii yetu mtume mwandishi. Kama nauli ya kutoka Dar ni tatizo, Mbeya waandishi wapo, nawaona kila siku kwenye mikutano.

Chuo kinafungua mwezi wa kumi mwishoni, mazoezi ni saa kumi jioni kila siku isipokuwa Jumapili, na ile mechi mwaka huu mpya inachezwa kwetu. Mwandishi akija aulize pale getini kwa mama wa makande, ataelekezwa, na chakula cha siku hiyo ni juu yangu.

Mama lishe, msomaji wenu,
Mbeya