Seva ya televisheni nyumbani: hesabu wati kabla ya kununua

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hapa Dodoma kompyuta za mezani zilizochoka maofisini zinauzwa kwa bei ya kutupa, na wanaozinunua hushauriwa wazigeuze seva ya televisheni ya familia: iwake usiku na mchana, irekodi taarifa ya habari na mechi, na kila simu na runinga ya nyumbani ichukue humo. Wazo ni zuri. Mashine ndiyo yenye kasoro.

Kompyuta ya aina hiyo, hata ikikaa tu bila kazi, inaweza kula wati 60 hadi 80. Chukua 80, zidisha kwa saa 24 na siku 30: uniti 57.6 kwa mwezi. Mteja wa D1, kundi la TANESCO la matumizi madogo ya nyumbani, hupata uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na akizivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kwa hiyo seva peke yake imekwishakula robo tatu ya uniti za bei nafuu; friji, taa na pasi zigombee 17 zilizobaki. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, kwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, atatoa kama 20,500 kwa mwezi, kodi na tozo zikiwemo, kwa ajili ya seva tu. Mashine ya wati 8 ikiwashwa muda ule ule inakula uniti 5.76, yaani kama shilingi 2,050.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani, friji ikiwemo, acha seva tu. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 45 ni wati 80. Sekunde 450 ni wati 8. Kama mita imeandikwa 1600, gawanya 2250 badala ya 3600.

Mashine ipi basi? Raspberry Pi 4, kompyuta ya bodi moja ndogo, hutumia kama wati 3 ikiwa imetulia, na inatosha kurekodi na kugawa matangazo. Isipewe kazi ya kubadili muundo wa picha, maana hapo itakwama. Kompyuta ndogo zenye prosesa ya Intel N100 hukaa kati ya wati 6 na 10, na kazi hiyo zinaiweza bila kuhema. Ukipata kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, ile ya saizi ya kitabu kinene, chagua yenye Intel Core ya kizazi cha 7 kwenda juu. Njia ya kuokoa umeme zaidi ni kutobadili picha kabisa: hakikisha runinga na simu zinafungua muundo wa video wa H.264, seva ipitishe mawimbi kama yalivyo.

Diski kubwa ya inchi 3.5 hula wati 5 hadi 8 ikizunguka, ya laptopu ya inchi 2.5 hula wati 1 au 2. Chaneli ya kawaida yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 0.9 kwa saa, kwa hiyo terabaiti 1 ni zaidi ya saa 1,000. Nani atazitazama zote? Diski iwekwe ilale baada ya dakika 10 bila kazi (kwenye mfumo endeshi wa Linux amri ni hdparm -S 120), na uzime kipengele cha kurudisha nyuma matangazo ya moja kwa moja, la sivyo haitalala kila mtu anapotazama. Usirekodi kwenye kadi ya kumbukumbu ya Pi. Kuandikwa mfululizo huichosha ikafa.

Kunasa matangazo kunahitaji tyuna, yaani kipokezi cha chaneli, ya USB ya DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya dijitali ya antena) inayotambulika na Linux. Zenye chipu ya Si2168 hufanya kazi, ila sharti faili la fimwea, programu ya ndani ya kifaa, liwekwe kwanza. Bila faili hilo kifaa huonekana kimechomekwa lakini hakipati chaneli hata moja, na wengi hukimbilia kulaumu antena. Chaneli kadhaa hurushwa pamoja katika masafa mamoja, hivyo tyuna moja inaweza kurekodi zote zilizomo humo kwa wakati mmoja. Zilizofungwa kwa kadi hazitafunguka. Programu ya Tvheadend inatosha kurekodi na kugawa: ifungue kwenye kivinjari kwa anwani ya seva na mlango (port) wa 9981, na kwenye runinga tumia programu ya kutazamia iitwayo Kodi kupitia mlango wa 9982.

Umeme ukikatika, Pi 4 husahau saa, kwa kuwa haina betri ya saa. Ukirudi wakati intaneti haipo, mashine hudhani bado ni jana, na mechi ya saa mbili usiku hairekodiwi. Dawa ni kimoduli cha saa cha DS3231 na betri ya CR2032. Kwenye kompyuta ndogo, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uiweke iwake yenyewe umeme unaporudi. Chaja ya Pi 4 iwe ya volti 5.1 na ampea 3. Ya simu huishusha volti, diski ikajizima katikati ya kurekodi.

Inveta haina maana hapa, yenyewe tu inaweza kula sawa na seva. Betri ya volti 12, Ah 7, ukitumia nusu yake, huendesha mashine ya volti 12 na wati 10 kwa saa 4 hivi. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati, kwani betri inayochajiwa hupanda hadi 14. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, chomoa na waya wa antena pia. Radi haipiti kwenye nguzo za TANESCO pekee. Kiangazi, vumbi letu huziba feni, mashine ikapata joto na kupunguza kasi. Isiyo na feni ni bora.

Wauzaji tunawaomba jambo moja: bandikeni wati zinazoliwa mashine ikiwa imewaka na kutulia. Namba ya 240W au 300W iliyoandikwa kwenye pawa saplai ni uwezo wake wa juu, haimwambii mnunuzi LUKU yake itaendaje.

Mafundi wa kompyuta na antena,
Nkuhungu, Dodoma