Ile ngao ya sebuleni

Rehema mwanangu,

Hujambo huko Mwanza? Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama wale dagaa ulioahidi wameota miguu njiani.

Imebaki miezi minne nitimize 60. Ningeweza kustaafu kwa hiari nilipofika 55, nikang'ang'ania. Sasa ofisini wananitaka niandae maneno ya kuwaaga vijana wa mauzo. Nimekaa na kalamu usiku kucha, nimeishia kukuandikia wewe, maana ulipopata kazi yako ulisema, "Nimefuata nyayo zako, baba." Basi zijue.

Njia ya kusini wewe umeikuta lami. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji tuliivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikikolea tulilala chini ya gari tukisubiri zamu. Nimekula samaki wa Somanga kuliko wali wa mama yako (usimsomee hapa).

Biashara ya kule ilikwenda na korosho. Mkulima akilipwa, duka linatembea. Asipolipwa, hata chumvi inakopwa. Nililijua hilo vizuri, ndiyo maana sina utetezi.

Desemba 2002 tageti ilikuwa imenikaba. Masasi palikuwa na mzee mwenye duka la jumla, daftari lake la madeni safi kuliko hesabu zetu za kompyuta. Akaniambia, "Kijana, pesa ya msimu huu haijashuka. Niachie katoni hamsini." Nikamshushia 400 za biskuti, mali kauli, nikamwapia kwamba zisipotoka nitazifuata mwenyewe. Oda ikaingia tarehe 30. Januari nikawa meneja wa kanda. Ngao ile uliyokuwa ukiifuta vumbi kila Jumamosi, ukilisoma jina langu kwa sauti, nilipewa kwa mauzo ya mwezi ule.

Malipo ya korosho yakachelewa. Sabuni ingengoja, biskuti zina tarehe. Mzee alinitumia barua mbili kwa kondakta wa basi, na zote zilinifika. Kampuni ilikuwa hairudishi mzigo ulioandikiwa ankara, na mimi, meneja mpya, sikupanda ghorofani kubishana. Akauza kiwanja chake cha sokoni, akalipa deni. Lote. Angegoma kulipa, leo ningekuwa na la kusema.

Usiniandikie kunifariji, wala sikwambii uache kazi. Kazi hii imekulipia ada, na mpaka leo hakuna kinachonifurahisha kama kufika dukani alfajiri, mwenye duka anafungua makufuli huku anakupa habari za mji mzima. Uliniuliza mbinu ya kutimiza tageti. Za siku ishirini na tano za mwezi ninazo, nitakupa zote. Za zile tano za mwisho usiniulize mimi.

Mzee alishafariki. Mwanawe ni wakala wa pesa pale stendi ya Masasi. Mwezi ujao nitapanda basi kwenda kumwona, na barua zile mbili nitakwenda nazo, maana sikuzitupa. Nitaanzaje, sijui, mtu aliyeishi kwa mdomo miaka 33!

Ngao nimeiteremsha. Ukija likizo utaona ukuta umebaki na alama ya mraba. Mama yako anasema pabandikwe kalenda.

Baba yako