Alamu ya gari lako usiikate kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, wewe na wote ulio nao. Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema umechoka, kwamba gari linalia usiku wa manane na ukitoka nje huoni mtu, na kwamba Jumamosi fundi anakuja kukata nyaya za alamu, nikaona nisilale kabla sijakujibu. Tafadhali, mwambie asubiri. Inalia kwa sababu, na sababu yenyewe inatafutika.

Alamu haimjui mwizi. Unapobonyeza rimoti na taa zikapepesa, boksi lake linashika hali ya gari ilivyo dakika ile: milango imefungwa, boneti imeshuka, ndani kumetulia. Baada ya hapo linalinda hali hiyo tu. Ikibadilika, linapiga kelele, aliyeibadilisha awe mwizi au awe upepo.

Walinzi wa mwanzo kabisa ni swichi za milango, zilezile zinazowasha taa ya ndani ukifungua mlango. Kuna nyingine kwenye buti na nyingine chini ya boneti, na hiyo ya boneti ndiyo iliyonitesa mimi. Wiki nzima gari langu lililia usiku. Fundi wa kwanza akanibadilishia betri, wa pili akataka kunifungia alamu mpya. Mwishowe nikafungua boneti mwenyewe nikaitafuta ile swichi: kijiti chembamba chenye kofia ya mpira, ambacho boneti ikishuka inakisukuma chini. Nikakibonyeza kwa kidole gumba. Kikazama, na nilipokiachia hakikuruka juu kama inavyotakiwa, kikapanda polepole kama kimepakwa gundi. Maji na vumbi vilikuwa vimeshakila. Boksi lilikuwa likipata habari za uongo kwamba boneti imefunguliwa. Nikaweka swichi nyingine, kitu kidogo kuliko kidole, na usiku ule nililala hadi asubuhi. Kwa hiyo anzia hapo.

Mlinzi wa pili anasikiliza mtikisiko. Kimejificha chini ya dashibodi, kihisi kidogo ambacho ndani yake mna kipande cha kauri kinachozalisha umeme kidogo sana kikitikiswa. Mtu akigonga mwili wa gari au akivunja kioo, mtetemo unapita kwenye chuma mpaka kwake. Kilicho kizuri hutofautisha: mguso mdogo kinatoa mlio mfupi wa onyo, pigo zito ndipo king'ora kinalia chote. Vingi vina skrubu ya kurekebishia ukali, na mafundi hupenda kuikaza mno ili mteja aone alamu ni kali. Matokeo yake lori likipita barabarani tu, mtaa mzima unaamka. Mwambie fundi wako ailegeze kidogo kidogo, huku wewe unapiga kioo kwa kiganja, mpaka ikubali pigo na ikatae mtikiso wa njia.

Sasa nikueleze ninayempenda kuliko wote. Angalia juu ya nguzo za kioo cha mbele, au karibu na ile taa ya ndani iliyo juu kwenye paa, utaona vitundu viwili vidogo vyenye wavu. Kimoja kinatoa sauti ya mitetemo kama 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000 hivi, ndiyo maana hatuisikii. Sauti hiyo inagonga viti, vioo na paa, na kitundu cha pili kinaipokea ikirudi. Ndani kukitulia, inarudi ileile. Mkono ukipenya dirishani, sauti iliyogonga kitu kinachosogea inarudi imebadilika, kama unavyosikia king'ora cha gari la wagonjwa kikibadilika mlio linapokupita. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomfichua aliyevunja kioo bila kugusa mlango.

Lakini upepo nao unasogea. Wewe mwenyewe uliniambia siku moja kwamba huwa unaacha dirisha wazi kidogo gari lisipate joto, na ninakumbuka zile shanga ulizoning'iniza kwenye kioo cha kati. Moyo wangu unaniambia ndizo. Usiku wa leo pandisha vioo vyote, shanga zitoe, uone. Hata nzi aliyefungiwa ndani anaweza kuiamsha.

Kuna magari yenye kihisi cha mwinamo pia. Chenyewe kinakariri gari limekaa vipi, na mtu akilinyanyua kwa jeki avue magurudumu, au akilivuta juu ya lori, kinalia ingawa hakuna mlango uliofunguliwa. Na betri iliyochoka usiisahau: volti zikishuka ghafla, alamu za zamani hudhani taa ya ndani imewaka.

Najua utasema ufunguo wako una chipu, injini haiwaki bila huo. Kweli, na chipu hiyo haina hata betri, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la ufunguo. Ulaya kinga ya namna hiyo ya kuzuia injini isiwake imekuwa lazima kwa magari mapya tangu 1998. Ila chipu inalinda injini peke yake. Begi lililo kwenye kiti, redio na magurudumu havina wa kuvipigia kelele ila hiyo alamu unayotaka kuinyamazisha.

Jambo la mwisho: alamu nyingi hutunza kumbukumbu. Ikilia tena, izime kwa rimoti, halafu hesabu kitaa cha kwenye dashibodi kinapepesa mara ngapi. Idadi hiyo inamwambia fundi ni mlango, mtikisiko au ndani. Iandike kwenye karatasi pamoja na saa iliyolia, umpe Jumamosi badala ya kumpa koleo.

Niandikie kesho uniambie shanga zimesemaje.

Wako akupendaye,
Swahiba wako