Nafula, kabla baba hajakataa operesheni

Nafula wangu,

Meseji yako imenipata saa nne usiku na sijalala. Umeandika ati hiyo kansa ya tezi dume ya baba yako "imefika kwa tezi za limfu, basi imeisha." Haijaisha. Hata sisi tulisema hivyo 2021 na mzee wangu saa hii ako hapa nje Nyamasaria anapalilia sukuma.

Mzee alisumbuka na mkojo karibu mwaka mzima, kliniki moja ikawa inampa antibayotiki tu ati ni infeksheni, hakuna mtu alimpima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume ambacho kikipanda kinaweza kuwa dalili ya kansa, nikikumbuka bado roho huniuma. Kupimwa ikawa 31. Biopsi ikasema kansa, skani ya mifupa ikatoka safi, ndio daktari wa mkojo akasema atatoa tezi dume yote pamoja na zile tezi za limfu za kwa nyonga. Alitoa 14. Ripoti ya patholojia kurudi, 2 ziko na kansa. Mama alikaa kwa benchi ya korido akaikunja hiyo karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

Lakini daktari alituambia idadi ni muhimu, mwenye moja ama mbili mara nyingi huenda vizuri kuliko mwenye nyingi. Na akatuambia utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 1999, wanaume 98 wenye shida kama ya mzee, wote wametolewa tezi dume na limfu zikapatikana na kansa. 47 wakaanzishiwa dawa ya kukata homoni mara moja, 51 wakangoja mpaka kansa ionekane tena. Baada ya kama miaka 7, kwa wale 47 walikuwa wamekufa 7, kwa wale waliongoja 18. Hii kansa chakula yake ni homoni ya kiume, ukiikata inakosa nguvu. Ni watu wachache na ni kitambo, siku hizi wengine wanaongezewa mionzi, na wengine PSA ikishuka kabisa wanafuatiliwa tu kwanza, kwa hivyo hilo muulize daktari wa baba mwenyewe. Usinyamaze kwa sababu ni daktari.

Sitakuficha, si rahisi. Alitoka na katheta wiki mbili, ule mfuko wa mkojo akaufunika na leso ya mama akikaa chini ya mwembe ndio wageni wasione. Katheta kutolewa mkojo ukawa unatoka tu, tukanunua daipa za watu wazima akakataa kuzigusa siku tatu. Mwezi wa tano baada ya operesheni ikabaki matone akiinua jerikeni. Sindano ya homoni kila miezi mitatu humletea joto usiku, anatupa blanketi, anachoka haraka, na mambo ya chumbani yaliisha, hiyo mama aliniambia kwa sauti ya chini sana. Baba aambiwe haya yote mapema, asiyapate kama ajali.

PSA yake ya juzi iko chini ya 0.1.

Nipigie picha ripoti ya baba kabla ya Jumatatu, hasa pale wameandika Gleason, ile alama ya ukali wa kansa. Na umwambie mzee wangu atampigia kesho jioni baada ya taarifa ya saa moja, ameshasema anataka waongee wao wawili tu.

Wako,
Achieng