Injini Iliingia Vizuri, Namba Yake Ndiyo Ilinikwamisha

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye pikipiki wenzangu, wa kubwa na wa bodaboda, kuhusu ile namba iliyochongwa kwenye injini. Mimi nina Honda ST1100 ya zamani, ile ya safari ndefu, zilitengenezwa kuanzia 1990 mpaka 2002, injini V4, yaani silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, ya cc 1,084, inazungusha gurudumu la nyuma kwa shafti bila cheni. Nimeenda nayo Moyale, Kisumu, Mombasa sijui mara ngapi. Sasa siku moja natoka Mai Mahiu napanda kurudi Nairobi, niko nyuma ya malori, mshale wa joto ukaanza kupanda nikasema wacha nifike juu kwanza ndio nisimame. Haikufika. Kumbe paipu ya maji iliyojificha katikati ya V, chini ya kabureta, ilikuwa inavuja pole pole na maji yanakaukia juu ya injini, huoni hata tone chini.

Injini ikanoki, yaani ikafa kabisa. Kila mtu akaniambia uza hiyo kama chuma kizee, na mimi nikakataa kwa sababu fremu ilikuwa safi, shafti safi, breki nzuri, sasa nitupe pikipiki nzima kwa ajili ya injini?

Nikatafuta ya mtumba. Nilipoipata kwa muuzaji mmoja hapa mjini sikukubali maneno ya "hii ni safi boss", niliitisha spana nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili nikisikiliza kama kuna mahali inakwama, nikafungua plagi zote nne nikaangalia rangi, nikamwaga oili kidogo kwenye karai kuona kama kuna maji au unga wa chuma, halafu tukapima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, na zote nne zilikaribiana. Ukinyimwa nafasi ya kufanya hivyo, ondoka.

Kazi yenyewe mimi na fundi wangu tuliimaliza wikendi mbili. Kwenye hii pikipiki injini na gia boksi ni kitu kimoja, kwa hivyo ni mzigo, tuliitoa kwa jeki ya magurudumu na mbao na watu watatu. Na hapa nawaambia wenye mashine kama hii, injini ikiwa chini sakafuni ndio wakati wa kubadilisha kila kitu ambacho baadaye hukifikii. Mkanda wa taimingi tuliweka mpya bila kuuliza injini ilitembea kilomita ngapi, maana raba inazeeka hata ikiwa imelala. Zile paipu za katikati ya V, zote mpya. Olteneta pia, ile inayochaji betri, ST1100 za mwanzo zilikuja na ya ampea 28 na za baadaye 40, na ukitaka kuigusa injini ikiwa ndani ya fremu lazima utoe gurudumu la nyuma na mkono wake wote. Meno ya shafti tukapaka grisi yake maalum ya molibideni. Ikawashwa mara ya pili tu na ikanguruma vizuri, nilikaribia kulia.

Shida ilikuja baada ya hapo. Risiti yangu iliandikwa "injini moja" na bei, basi. Hakuna namba, hakuna karatasi ya forodha, na mimi kwa furaha yangu sikuuliza. Kama miezi miwili hivi baadaye naenda Arusha, pale Namanga afisa akainama na tochi akasoma namba ya injini, akaangalia logbuku, ile hati ya umiliki, hazifanani. Akanirudisha, na kusema ukweli alifanya kazi yake sawasawa, hangejua kama injini ni yangu au ya mtu aliyeibiwa. Nikamtafuta muuzaji, duka limehama, simu haishikwi. Ilinichukua miezi mitano kumpata aliyeileta nchini, akanipa nakala za karatasi, ndio nikaomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wabadilishe maelezo, pikipiki ikakaguliwa Likoni Road, na logbuku ikatoka na namba mpya. Miezi mitano hiyo yote mashine imesimama kwa nyumba ikiwa nzima kabisa.

Na hili si la pikipiki kubwa peke yake. Boda ikinoki asubuhi, jioni fundi ameshapachika injini nyingine na jamaa amerudi steji, na sijaona wengi wakienda kubadilisha logbuku. Lakini pikipiki zinaibwa kila siku na zinafunguliwa vipande, hizo injini zinaenda wapi kama si kwetu sisi tunaonunua bila kuuliza? Siku polisi wakisoma hiyo namba ni wewe uliyeikalia utakayejieleza, na siku ya ajali bima nao wataisoma.

Kwa hivyo naomba wauzaji wa injini Kirinyaga Road, Grogan na kwingineko waandike namba kwenye risiti na watoe nakala ya karatasi bila mteja kubembeleza, ni dakika mbili tu. Na mafundi nao, kabla ya kufungua nati ya kwanza, muulizeni mwenye pikipiki karatasi ziko wapi.

Ile injini yangu iliyonoki bado iko nyumbani chini ya turubai. Ina spea nyingi nzuri na kuna mtu ameshaniuliza bei, nimemwambia aje na kitambulisho, risiti nimeshaiandika na namba iko juu yake.

Mwendesha pikipiki,
Kasarani, Nairobi