Salamu za shukrani kutoka bomani kwa Baba yetu, Njoro

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Jina la Bwana na libarikiwe.

Sisi familia ya marehemu mzee wetu, mkulima na mfugaji wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, tunawasalimu nyote mliosimama nasi tangu Baba alipolazwa hospitalini hadi tulipomzika upande wa juu wa shamba lake, kando ya nyasi za Boma Rhodes alizopanda kwa mikono yake. Kumwendea kila mmoja nyumbani kwake hatuwezi, kwa hivyo tunaomba mpokee shukrani zetu hapa.

Msiba katika boma la ng'ombe una ugumu wake. Watu wanalia, lakini saa kumi na moja alfajiri kiwele kimejaa, na saa kumi na moja jioni kimejaa tena. Ukipitisha saa, maziwa yaliyobaki ndani huleta ugonjwa wa kiwele, na ng'ombe wa lita ishirini anaweza kupoteza chuchu moja daima. Tena ng'ombe hapendi mkono mgeni: akishtuka anazuia maziwa, hata ukiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu namna gani. Vijana wawili wa jirani walilijua hilo. Walifika kila alfajiri wakiwa wamevaa makoti ya Baba ya kukamulia, wakaingia zizini kimya kama alivyoingia yeye, wakakamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia kama kuna mabonge, na kila chuchu wakaichovya dawa baada ya kukamua. Gari la ushirika halikuwahi kupita bila maziwa yetu, wala hayakurudishwa hata siku moja. Wanangu hawa, Mungu awazidishie.

Usiku mgumu kuliko yote ulikuwa ule wa mkesha. Yule ng'ombe wetu mweusi wa Friesian, uzao wake wa tano, alizaa jioni watu wakiimba. Kabla ya usiku wa manane akaanza kuyumba miguu ya nyuma, akalala, akageuza kichwa ubavuni, masikio baridi, pua kavu. Ni homa ya maziwa: kalsiamu ya damuni imekimbilia kwenye dang'a (maziwa ya kwanza) kwa ghafla kuliko mwili unavyoweza kuitoa mifupani. Baba alikuwa akiikinga kwa kuondoa luseni na chumvi yenye kalsiamu nyingi kwenye hori wiki tatu kabla ya kuzaa, ili mwili ujizoeze kuchota kwenye mifupa, lakini homa hiyo humpata ng'ombe mzee mwenye maziwa mengi hata ukifanya yote. Aliyeziona dalili ni mama jirani aliyekuwa amefuata kuni nyuma ya zizi. Hakusubiri kuuliza. Aliita wanaume wanne, wakamwinua ng'ombe akalalia kifua, wakamwekea magunia ya majani pande zote mbili asianguke ubavu, maana akilala ubavu tumbo hujaa gesi na hafiki asubuhi.

Daktari wa mifugo alitoka mjini usiku huohuo, barabara ikiwa matope matupu, pikipiki akaiacha kwa mtu na kumalizia kwa miguu. Chupa ya kalsiamu ya mililita 400 aliipasha kwanza kwenye maji ya moto, kisha akaipitisha kwenye mshipa wa shingo polepole, zaidi ya dakika kumi, mkono mwingine ukisikiliza moyo. Wenye haraka huua ng'ombe hapo, kwa sababu kalsiamu ikiingia kwa kasi moyo husimama. Ng'ombe alicheua, akakojoa, na kabla jogoo hajawika alikuwa amesimama. Daktari akaagiza asikamuliwe hadi mwisho siku mbili za kwanza, na ndama apewe dang'a lita tatu hadi nne ndani ya saa sita, kwa kuwa kadiri saa zinavyopita utumbo wake huipokea kinga ya mama kwa uchache zaidi. Ada ya usiku alikataa. Alisema deni hilo alishalipwa na Baba zamani. Deni gani, hakutuambia. Daktari, Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Mwingine tunayemtaja kwa upekee ni mchungaji wa ng'ombe wa nyama kule Elementaita. Baba alikuwa na Boran na machotara wa Sahiwal kwenye malisho ya kukodi, na sheria yake ilikuwa moja: kila wiki, mvua au jua, ng'ombe wote wanapulizwa dawa. Kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, na ukiruka wiki moja amepata siku za kutosha kunyonya na kuacha ugonjwa. Mchungaji angeweza kuja mazishini siku ya dawa, na tungemwelewa. Alibaki akapuliza kwanza, lita kumi za dawa iliyokwisha kuchanganywa kwa kila ng'ombe mkubwa, ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja na kwenye kwato, bila kuipunguza makali kama wafanyavyo wengine wakitaka chupa moja imalize mwezi. (Dawa hafifu haiui kupe, humfundisha kuizoea. Baba alilisema hilo mpaka watu wakachoka.) Alifika Njoro jioni, tumeshafukia. Alisimama kaburini peke yake.

Mahindi nayo yalikuwa yamekauka shambani na mvua ya Novemba inatishia. Wanajumuiya walivuna, wakayatandaza juu ya turubai. Kabla ya kupukuchua wakayapima kwa njia aliyowafundisha Baba: mahindi kwenye chupa kavu ya glasi, chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikishika glasi, bado maji yamezidi asilimia 15. Ilishika. Yakaanikwa tena hadi yakafika asilimia 13.5 ambayo ghala la NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, hukubali, na sumukuvu haikupata pa kuingilia.

Tunawashukuru pia: Padri wa parokia yetu na katekista kwa Misa na kwa kutembelea wodi, madaktari na wauguzi, waliotoa damu, kamati ya mazishi na mweka hazina wake aliyesoma hesabu hadharani hadi shilingi ya mwisho, chifu na naibu wake kwa kibali, Nyumba Kumi, wanaume Wakatoliki waliochimba kaburi, akina mama wa chama kwa chai, githeri na pilau, kwaya, wanachama wa ushirika wa maziwa, wenye duka la dawa za mifugo waliotukopesha, wanabodaboda wa steji, wenye tenti, viti na spika, walimu na wanafunzi, marafiki wa Molo, Rongai, Subukia, Gilgil na Nakuru mjini, jamaa walio ng'ambo waliotuma mchango, na wazee waliokuja kwa matatu mbili na fimbo.

Uliyeachwa hapa hukuachwa moyoni. Orodha iliandikwa kwa haraka na wenye macho mekundu, na tunajua wapo waliotoa kimyakimya, wengine gunia la viazi likiachwa langoni bila jina. Tusameheni sana. Mungu, ambaye Zaburi ya 50 inasema makundi ya mifugo juu ya milima elfu ni yake, anawajua mmoja mmoja.

Yeyote anayemdai Baba, au aliyeahidiwa mtamba, aje nyumbani na shahidi mmoja. Daftari lake la ng'ombe tunalo, na alizoea kuandika ahadi ukurasa wa nyuma. Sufuria kubwa mbili, karai moja na turubai la buluu bado ziko kwetu. Mwenyewe aje achukue.

Mama, watoto, wakaza wana na wajukuu.