Wauzaji kompyuta mtuandikie jenaresheni, "Core i7" peke yake haitoshi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nitoe dukuduku. Kurasa zenu za teknolojia nazisoma lakini ni simu, simu, simu, kamera ya megapikseli ngapi, na sisi wenye tunakaa mbele ya kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi matatu zipandishe nauli jioni hatukumbukwi. (Najua nyinyi mnaiita tarakilishi, hata mwalimu wangu wa Kiswahili aliiita hivyo, lakini hebu enda maduka ya kompyuta ya Luthuli useme unataka tarakilishi uone kama hawatakuongezea elfu mbili papo hapo.)

Kazi yangu ni data. Tuko watatu kwa kaofisi hapa Ngara na tunafanyia sacco kadhaa za matatu hesabu, yaani tunalinganisha pesa zilizoingia kwa M-Pesa na zile makanga wameandika. Kila asubuhi natoa stetimenti, naunganisha mafaili, naondoa zilizojirudia, napanga kwa gari na kwa ruti. Faili ya mwezi inapita mistari laki saba, na nikijaribu kuweka miezi miwili pamoja Excel inakataa, kwa sababu shiti moja mwisho wake ni mistari 1,048,576 na hata upige magoti haikuongezei mmoja.

Sasa miaka miwili iliyopita nilienda mjini kutafuta mashine ya hiyo kazi. Kijana wa duka akanishika mkono, "Mum, hii ni Core i7, hii ni mnyama." Kwa kibandiko kweli imeandikwa i7, jina la aina ya prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, nami kwa ujinga wangu nikajua i7 ni i7, nikalipa, nikabeba. Ni fundi aliyekuja kunifungua macho baadaye. Hiyo ilikuwa i7-2600, prosesa ya mwaka 2011, kizazi cha pili. Ina koa nne, yaani ni kama vichwa vinne vinavyofanya kazi pamoja ndani ya prosesa. i5-8500 ya 2018, ambayo ningeidharau kwa sababu eti ni i5, ina koa sita na kila koa inafanya kazi haraka zaidi. Siri iko kwa ile namba inayofuata kistari: 2600 ni jenaresheni ya pili, 8500 ya nane, 12400 ya kumi na mbili. Basi. Ni kitu cha kusoma kwa sekunde mbili lakini kwa kadi ya bei hawaandiki, wanaandika "CORE i7 BEI POA" na kalamu nyekundu.

Huyo mnyama wangu kwa dakika kumi za kwanza alikuwa mzuri sana hata nikaringia wenzangu. Shida ilianza kazi ikiwa ndefu. Saa tano hivi feni inaanza kulia kama posho mill, mauzi inakwama, nabonyeza kitu kinaitikia nikiwa nishasahau nilibonyeza nini. RAM, ile memori ya kushikilia kazi iliyo wazi, ilikuwa giga 8, na RAM ikijaa kompyuta inaanza kuhifadhi vitu kwa diski, na diski yenyewe ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka, kwa hivyo tulikuwa tunaenda kula, tunarudi, bado inazunguka. Fundi alipofungua alitoa vumbi la kujaza kikombe, kisha akang'oa ile feni ya prosesa akanionyesha ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa katikati, imekauka, inabanduka kama ukoko wa ugali kwa sufuria. "Mama, hii inajichoma," akaniambia, "ikipata moto inapunguza spidi yenyewe isiungue." Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa natumia nusu ya mashine niliyolipia.

Halafu siku moja ya mwisho wa mwezi stima ikapotea. Haikurudi mara moja, ilikuja, ikapotea, ikaja tena, mnajua vile hufanya. Faili kuu ikakataa kufunguka. Tulilala ofisini siku hiyo, wawili kwa viti na mmoja kwa meza, tukianza upya kutoka stetimenti ya kwanza, na mwenyekiti wa sacco moja anapiga simu kila nusu saa kuuliza ripoti iko wapi.

Safari ya pili sikwenda na pesa peke yake, nilienda na flashi yenye faili yangu mwenyewe. Nikamwambia muuzaji weka hii, tuiendeshe saa nzima nikiwa nimekaa hapa. Alinuna. Duka la kwanza walinifukuza kwa maneno matamu, la pili wakakubali, nami nikaketi kwa kaunta na chai ya karatasi nikiangalia ile dirisha ya Windows inayoonyesha prosesa na memori inapanda vipi, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja inakuja. Hapo hapo inakuonyesha nafasi za RAM ni ngapi na ngapi ziko wazi. Nikaweka pia CrystalDiskInfo, programu ya bure, inasema diski imefanya kazi masaa mangapi. Ile diski niliyoambiwa ni "kama mpya" ilikuwa na masaa 31,000, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu ikiwaka usiku na mchana. Wakaibadilisha bila kelele.

Niliyochukua ni Dell Precision ya mtumba, ex-UK, yenye Xeon ya 2018, prosesa ya Intel ya mashine za kazi nzito. Si eti kila mtu anunue hiyo, bei ya mtumba inategemea siku na uso wako, lakini sababu zangu ni hizi. Ni mashine iliyotengenezwa kushinda ikifanya kazi, boksi lina nafasi ya hewa kupita. Inakubali RAM ya ECC, ile inayogundua biti moja, yaani 0 au 1, ikigeuka ndani ya memori na kuirekebisha yenyewe, na mtu wa hesabu anajua uchungu wa 1 kugeuka kuwa kitu kingine bila mtu kuona. Nimeweka giga 32. Na nilikataa zile Xeon za zamani zaidi hata kama zina koa nyingi na bei ya kutupa, kwa sababu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kirasmi haizikubali, kwa Intel kwa kawaida inaanzia prosesa za kizazi cha nane. Mashine yenye majina na namba za simu za watu haifai kukaa bila apdeti. Kitu kimoja cha kuangalia kwa hizi Dell na HP kubwa: pawa saplai zao mara nyingi zina umbo na plagi zake, ikiungua ile ya kawaida ya dukani haiingii, kwa hivyo uliza speya kwanza.

Kabla sijasahau, kuna wengine mashine hazina makosa. Office ikiwa ni ya biti 32, hata uweke RAM ya giga 64 Excel itatumia chache tu zingine zikae bure. Na Uingereza mwaka 2020 visa 15,841 vya korona vilichelewa kuingia kwa hesabu kwa sababu data ilipitishwa kwa faili ya Excel ya mtindo wa zamani, ile ya xls, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536, na zilizozidi zikaachwa nje kimya kimya. Hapo hata ungenunua kompyuta ya milioni ungepata majibu yale yale ya uongo, ila haraka.

Nusu ya usumbufu wangu uliisha siku nilinunua UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea. Si ya kufanyia kazi giza zima, ni ya kukupa dakika kumi useivu na uzime vizuri. Usiunganishe printa ya leza hapo, inavuta sana. Na ujue VA (volti-ampea) iliyoandikwa kwa boksi si wati, wati ni chache.

Sasa Mhariri, ombi langu. Sheria ya kumlinda mtumiaji tunayo tangu 2012 na inakataza kumdanganya mteja kuhusu ubora wa bidhaa. Kwangu mimi kuandika "Core i7" na kuficha kwamba ni ya 2011 ni uongo uliovaa suti. Wauzaji waandike namba yote ya prosesa, RAM, aina ya diski na masaa yake, kwa kadi ile ile ya bei. Nanyi gazetini, mkimaliza simu, tupeni hata robo ukurasa.

Nimeandika haya kwa sababu mtoto wa jirani amepata kazi ya kuingiza data na jana amekuja mbio, "Aunti, nimepata i7 elfu kumi na tano, nilipe?" Nimemwambia anitumie picha ya ile namba baada ya kistari. Muuzaji amekataa kuiwasha.

Mama Data,
Ngara, Nairobi